Mashine ya kuzibua mabomba: ukisikia waya unakaza, toa mguu

Mwaka wangu wa pili katika ufundi bomba, kwenye nyumba moja ya Magomeni, glavu yangu ya kitambaa ilinaswa na waya wa mashine ya kuzibua, ule mrefu unaozungushwa na mota ndani ya bomba, ikaviringika nao. Kichwa cha waya kilikuwa kimekwama ndani ya bomba na mimi nimekanyaga pedali inayoendesha mota. Kufumba na kufumbua, waya ukapiga kitanzi ukabana vidole vyangu viwili. Kijana aliyekuwa ananishikia taa alikimbilia ukutani akachomoa plagi. Vidole ninavyo, ila kimoja hakikunjiki vizuri hadi leo.

Wengi huogopa mota. Mimi nakwambia uogope waya. Kichwa kikizunguka sambamba na pipa linalobeba waya, mambo yako sawa. Kikikwama kwenye mizizi au kwenye kiungo cha bomba, pipa linaendelea kuzunguka huku mbele kumesimama, kwa hiyo waya unajisokota na kujaa nguvu. Nguvu hiyo inatafuta pa kutokea, nayo hutokea kwenye kile kipande kilicho wazi kati ya mashine na mdomo wa bomba. Hapo ndipo mikono yako ilipo. Kwa hiyo mashine isogeze karibu, kipande hicho kisizidi sentimita 60. Pakiwa finyu na mashine haifiki, pitisha waya ndani ya kipande cha bomba kilichofungwa imara, usiuache ukining'inia.

Dalili utazipata mkononi kabla ya kuziona. Waya unakuwa mgumu, unaanza kupinda pembeni, mota nayo inashusha sauti. Toa mguu hapo hapo. Usiseme "ngoja kidogo, inaelekea kufunguka." Nilisema hivyo Magomeni. Waya unalishwa kidogo kidogo, hausukumwi kwa nguvu. Ile swichi ya kurudisha nyuma ni ya kunasulia kichwa tu, na usiigeuze mpaka pipa lisimame kabisa. Ukizoea kuzibua kwa kurudi nyuma, waya unafumuka.

Mguu ukae karibu na pedali muda wote. Kama pedali imekufa, kazi isianze, hata mteja akikuharakisha. Nimeona mafundi wakiifunga kwa kamba ili mashine izunguke yenyewe, nao ni watu wazima wenye familia. Jambo hili linaniuma. Umeme ukikatika katikati ya kazi na kurudi ghafla, mashine hiyo itaanza kuzunguka wakati umeushika waya.

Glavu ziwe za ngozi. Za mpira ni nzuri dhidi ya uchafu, lakini zivae ndani, ngozi iwe juu, kwa sababu mpira na kitambaa hushikwa na waya upesi. Vua saa na pete, kunja mikono ya shati, na mwenye nywele ndefu azifunge.

Kuhusu umeme sina maneno mengi: unafanya kazi umesimama kwenye maji. Soketi iwe na ethi inayofanya kazi, na uwepo ulinzi wa kukata umeme ukivuja, ule wa miliampea 30. Vaa buti za mpira. Maungio ya ekstensheni yasilale sakafuni, na plagi usiishike kwa mkono uliolowa.

Kabla sijawasha huwa namuuliza mwenye nyumba, "Mama, mmemwaga dawa yoyote humu?" Jibu la kwanza mara nyingi ni hapana. Naendelea, "Hata kostiki soda?" Ndipo anakumbuka, "Ah, ile nilimwaga jana usiku, fundi." Waya unaozunguka unarusha maji, na kostiki inaunguza macho. Vaa miwani ya kazi hata kama umehakikishiwa hakuna kitu.

Angalia pia unene wa waya. Ule wa milimita 10 unaofaa sinki, ukiuingiza kwenye bomba la choo la inchi 4, utajikunja humo ndani na kugeuka. Choo ni bora ukizibue kupitia chemba, lile shimo lenye mfuniko kwenye njia ya maji taka, maana waya ukipita kwenye bakuli unalikwaruza au kulipasua. Ila chemba unaifunua na kufanya kazi ukiwa juu. Usishuke ndani, hata iwe fupi. Hewa ya maji taka huua, na ikizidi pua haiisikii tena harufu.

Wengi huumia mwishoni, kazi imeshakwisha, maji yanashuka na kila mtu anafurahi. Wakati wa kurudisha waya, zima mota kabla kichwa hakijatoka kwenye bomba. Kikitoka kinazunguka, kinachapa kama kiboko, tena kimejaa kinyesi. Mimi nimefunga utepe mwekundu kwenye waya, mita moja na nusu kutoka kichwani. Nikiuona unatokeza, mguu unatoka kwenye pedali, nachomoa plagi, kipande kilichobaki nakivuta kwa mkono taratibu huku nakifuta kwa tambara.