Mpira Ukigoma Kuingia, Bandika Maji Jikoni

Mpira mpya wa redieta ukikataa kuingia kwenye shingo yake, weka bisibisi chini. Ncha yake huuchana kwa ndani, mahali usipopaona, na utakuja kugundua injini ikishapata moto ukiwa njiani. Mimi hubandika maji, yakichemka nayamimina kwenye kikombe cha bati na kuchovya ncha ya mpira humo dakika moja mbili. Mpira huo kazi yake ni kupitisha maji ya injini yenye joto la nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maji ya birika hayaudhuru. Ukilainika, vaa glavu, sukuma huku ukizungusha. Klipu itangulie kuvishwa, maana watu husahau.

Mipira inayoning'iniza bomba la ekzosi ndiyo migumu zaidi, na hapo nategemea sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Paka kwenye ncha ya chuma na ndani ya tundu la mpira, kisha vuta. Sabuni huteleza wakati wa kazi, baadaye hukauka na mpira ukatulia. Mafuta hayakauki.

Tena mafuta yana ubaya mwingine. Fundi wengi hushika oili chafu au grisi kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na kweli mpira huingia upesi. Lakini mpira wa redieta na bushi nyingi (vipande vya mpira kwenye viungo vya chini ya gari) havipatani na oili na grisi za namna hiyo: huvimba, vikalegea, na baada ya muda unanunua vingine.

Gripu za usukani wa pikipiki nazitenga. Sabuni ikibaki ndani, gripu inaweza kuzunguka mkononi ukiwa kwenye mwendo. Tumia spiriti ya kusafishia vidonda, mbali na moto: paka, sukuma haraka kabla haijakauka, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kuendesha.

Kwenye breki, vya jikoni visikaribie kabisa. Mipira ya pistoni hupakwa mafuta ya breki yenyewe, mapya, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la gari lako, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini ikiingia humo, hata kidogo, inaweza kuvimbisha mipira hadi breki zishindwe kuachia au kushika. Ukimwona fundi anapaka grisi ya kawaida kwenye pistoni, mwombe asimame, aisafishe yote na abadilishe mpira kabla hajafunga.