Jibu: Nianzeje mada ya mwendo bila kuwatupia wanafunzi kanuni?
Mwalimu, toka nao uwanjani kwanza, kanuni zitafuata. Pima mita 20 kwa futikamba, weka alama kila mita 5, na kwenye kila alama asimame mwanafunzi mwenye saa. Mtembeaji aanzie mita 3 nyuma ya mstari, la sivyo kipande cha kwanza kitaonekana cha polepole kwa kuwa bado anachanganya miguu. Wote wawashe saa anapovuka mstari. Kila mmoja azime akifika kwake. Mita 20 kwa sekunde 16 ni mita 1.25 kwa sekunde. Msipime mita 2 tu: kwa mwendo huo ni sekunde 1.6, hivyo kidole kikichelewa sekunde 0.2, kosa linazidi asilimia 12. Grafu ya umbali dhidi ya muda wachore siku hiyohiyo, na wengi watadhani mstari unaopanda ni kilima!