Usiandike |= kwenye EXTI_PR: kwa ndugu anayefunga mita mbili za maji

Ndugu, umesema unahesabu mipigo ya mita mbili za maji kwa STM32, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja. Ufute kwanza ule mstari wa EXTI->PR |= (1 << 6) ulioubandika hapa, kisha ndipo tuzungumze. Umeuliza kuhusu kipaumbele cha intarapti (ishara inayoikatiza chipu ili ihudumie tukio), kuhusu semafori (alama ya kuiarifu taski, yaani kazi iliyo nje ya rutini) au foleni, na kuhusu swichi inayodunda (inayotoa mipigo ya ziada ikifunga), lakini majibu ya hayo yote hayatakufaa kitu ikiwa mita zako za pini 6 na pini 8 zitaingia kwenye rutini moja (msimbo unaoitwa na intarapti) iliyo na mstari huo.

Katika chipu za STM32F1 na F4, kila laini ya intarapti hubeba mipigo ya pini yenye namba yake; laini 0 hadi 4 zina rutini yake kila moja, ilhali laini 5 hadi 9 zinagawana EXTI9_5. Mpigo ukifika, biti ya laini hiyo katika EXTI_PR, rejista (kisanduku cha biti ndani ya chipu) ya mipigo inayosubiri, huwa 1, na hufutwa kwa kuiandikia 1. Kuiandikia 0 hakuibadilishi. Sasa alama ya |= huisoma rejista nzima, huongeza biti yako, kisha huirudisha yote kama ilivyosomwa. Ikiwa mita ya pili imepiga muda huohuo, biti 8 imesomwa ikiwa 1 na imeandikiwa 1, yaani umeufuta mpigo wa mwenzako kabla haujahesabiwa, na hakuna taa wala ujumbe wa kosa utakaokuarifu.

Mimi niliufunga mtambo wa namna hiyo kwenye kituo cha kujazia maboza upande wa Changamwe, Mombasa, chenye mabomba mawili na mita zinazotoa mpigo mmoja kwa kila lita 10. Boza likijazwa peke yake, hesabu ilikuwa sawasawa. Yakijazwa mawili kwa pamoja, maji yalikuwa yakifurika juu ya tangi na kumwagika barabarani huku skrini ikionyesha kwamba lita 10,000 bado hazijatimia, na koki haifungi. Mwenye kituo hakuishuku programu. Alimshuku kijana wa koki kwamba anawaongezea madereva maji ili apewe chochote, naye akasimamishwa kazi kwa kosa ambalo lilikuwa kwenye herufi mbili za msimbo wangu. Kilichozidisha ubaya ni kwamba nilikuwa nikiandika mstari wa kumbukumbu kwenye bandari ya siriali ndani ya rutini, kabla ya kufuta biti. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde herufi moja huchukua takriban milisekunde moja, kwa hiyo mstari wa herufi 30 uliacha mlango wazi kwa milisekunde 30 hivi, na kila mpigo wa bomba la pili ulioingia humo ulipotea.

Aliyenifundisha mstari huo ni mwalimu mmoja wa video za mtandaoni, anayezungumza kwa uhakika wa kadhi, na ambaye katika somo zima alibonyeza kitufe kimoja tu mezani. Kwa kitufe kimoja kosa hili haliwezi kuonekana hata ukibonyeza hadi magharibi. Nilipomwandikia kuhusu lita zinazopotea, alinijibu kwamba mita za bei nafuu hupoteza mipigo, nikanunue bora. Nikanunua. Zile za kwanza ziko kabatini hadi leo, nzima kabisa, na mke wangu hukumbuka bei yake kuliko tarehe ya harusi yetu.

Kwa hiyo shika hili: kila kiendeshi (msimbo unaohudumia mita au kifaa kimoja) kitazame biti yake, na kikiikuta imewaka kiifute hiyo peke yake kwa alama ya = tupu, EXTI->PR = (1 << 6), mwanzoni mwa rutini, kisha kazi yoyote ndefu ipelekwe kwenye taski. Wapo watakaokuambia kwamba kasoro yako ni kuzitazama biti mbili kwa else if, ambayo huhudumia mita moja tu kwa kila mwito. Si kweli, kwa sababu biti isiyoguswa hubaki 1 na rutini huitwa tena. Ila usiwashe laini ambayo haina wa kuifuta biti yake, maana rutini itaitwa bila kikomo na taski zako hazitapata zamu.

Linux nayo hufuata adabu hiyohiyo: kadi za PCI zinapogawana laini, kila kiendeshi hukiuliza kifaa chake kwanza, ndipo kijibu IRQ_HANDLED (ni yangu, nimeihudumia) au IRQ_NONE (si yangu). Intarapti 99,900 kati ya 100,000 zikikosa mwenyewe, kerneli, yaani kiini cha Linux, huifunga laini hiyo. Kiendeshi kinachojibu HANDLED kila mara huificha hitilafu, nami viendeshi vya aina hiyo sivipendi hata kidogo.

Kipaumbele: laini zote za EXTI9_5 zina kimoja tu, hivyo huwezi kuipandisha mita moja juu ya nyenzake, na ukitumia vitendakazi vya FromISR (vinavyoitwa ndani ya rutini) vya FreeRTOS, mfumo mdogo unaozigawia taski zamu, namba ya kipaumbele hicho isiwe ndogo kuliko configMAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY. Semafori ya hali mbili usiitumie kuhesabu, kwa kuwa mipigo miwili hugeuka mmoja; tumia ya kuhesabu. Ukiwa na pini zilizo huru kati ya 0 na 4, hamishia mita huko.

Ukishabadilisha, fungua mabomba yote mawili kwa pamoja na ulinganishe hesabu na namba zilizo kwenye uso wa mita zenyewe, kisha ubandike hapa rutini yote, si kipande chake.