Hakimu Wangu Alikuwa na Nukta Saba

Ujumbe uliingia usiku, nikiwa nimeshazima taa. "Dada, hongera kwa kitabu. Ukurasa wa 61 hakimu, lile umbo la mwisho la ramli, ana nukta saba. Hakimu hawi na nukta za witiri, kama tano au saba. Kwa hiyo ramli ile haikupigwa, msimulizi kaitunga tu. Nimekamata, au ulikosea kuhesabu?"

Nikajibu palepale: "Umekamata."

Nilidanganya. Nilikuwa nimekosea kuhesabu. Na kwa kuwa wengi wenu mnaniandikia mkitaka kujua namna ya kuandika riwaya ya fumbo yenye msimulizi mwongo, leo nawaeleza jinsi nilivyoingia mwenyewe kwenye kundi hilo.

Kwa ambao hamjakisoma: anayesimulia ni kitinda mimba wa familia, anatafuta nani alimuua babu yake. Usiku wa kifo mpiga ramli anaitwa nyumbani, anachora, anasema maneno machache, na kuanzia hapo kila mtu anamtazama mjomba kwa jicho jingine. Ramli chonganishi ya kawaida kabisa. Msimulizi anatuonyesha mchoro mzima, nukta kwa nukta, kwa sababu mimi nilitaka pambo la kunogesha ukurasa. Nilizimwaga nukta pale kama mtu anavyochora maua pembezoni mwa barua.

Kumbe ramli ina hesabu zake. Kila umbo lina safu nne, na kila safu ina nukta moja au mbili, hivyo maumbo yote yanayowezekana ni 16 tu. Mpigaji huanza na maumbo manne ya kubahatisha, ndio mama. Mama huzaa mabinti wanne: safu za juu za mama wote zikikusanywa zinakuwa binti wa kwanza, safu za pili binti wa pili, mpaka wa nne. Kisha maumbo yanajumlishwa mawili mawili, safu kwa safu; jumla ikiwa witiri inawekwa nukta moja, ikiwa shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili, zinawekwa mbili. Hapo wanapatikana wapwa wanne, kutokana nao mashahidi wawili, na mwisho hakimu mmoja. Sasa tazameni: mabinti ni nukta zilezile za mama, zimepangwa upya tu. Anayejumlisha mama na mabinti amehesabu kitu kilekile mara mbili, na mara mbili ya chochote ni shufwa. Hakimu hana pa kuzitoa nukta tano wala saba. Akitokea nazo, kuna aliyekosea au kuna anayedanganya.

Nilipoyaelewa haya (baada ya kujibu ujumbe, si kabla) nilikaa kitandani na karatasi mkononi, karibu nilie. Ukoo mzima umo humo. Mama, mabinti, wapwa, mashahidi, hakimu. Ningekuwa nimeijua ramli kabla ya kuiandika, ningekijenga kitabu chote juu yake. Badala yake nilikiokota kitu njiani, halafu nikadai ni changu.

Basi habari zikaenea. "Mtego wa nukta saba," wakauita. Kundi moja la wasomaji likanialika, nikazungumza dakika ishirini nzima kuhusu mtego ambao sikuutega. Nikamtaja hata Ronald Knox, padri Mwingereza aliyetoa amri kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, mojawapo ikikataza mpelelezi kuokolewa na bahati au na hisia zisizo na maelezo. Nikasema, mnaona? Hata ramli yangu inamfikisha msomaji kwenye ukweli kwa hesabu, wala si kwa utabiri. Nikapigiwa makofi. Nilivaa vizuri siku ile, nakumbuka.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa kimya muda wote na kitabu kimejaa vipande vya karatasi katikati ya kurasa, akainua mkono. "Mwanangu, kama ramli haikupigwa, mjomba aliona nini mezani?"

Sura ya tisa. Barua ya mjomba, kwa mwandiko wake, iliyo mikononi mwa polisi, kwa hiyo msimulizi hakupata nafasi ya kuichezea. Humo mjomba anasema zile nukta zilimnyima usingizi. Yaani ramli ilipigwa. Yaani mtego wangu hauwezekani. Yaani huyu anayezungumza mbele yenu na kipaza sauti hajui kilichotokea katika kitabu chake.

"Hilo nalo ni fumbo," nikasema. Wakacheka kwa adabu. Adabu ile ndiyo inayoniuma mpaka leo. Ningependa zaidi wangenizomea.

Sasa nisikilizeni. Mkitaka msimulizi wenu adanganye, ninyi lazima muujue ukweli wote, kwa saa na dakika. Andikeni daftari la ukweli. Nani alikuwa chumba gani, nani aligusa kitu gani, mpiga ramli alitamka nini hasa. Daftari hilo haliingii kitabuni, ila likikosekana kila uongo wa msimulizi utakuwa kosa la mwandishi lililovaa joho. Mimi sikuwa nalo. Nilikuwa na msimulizi mwenye sauti tamu, nikadhani yatosha.

Maneno ya mpiga ramli, kwa mfano, yaandikeni mara mbili: kama alivyoyatamka, na kama msimulizi anavyoyaripoti. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akaambiwa ni yake binafsi. Wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, ambayo Forer aliyachota kwenye kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Maneno ya mpiga ramli yana tabia hiyohiyo. Katika kitabu changu alisema: "Ndani ya nyumba hii kuna anayebeba neno asilolisema." Ni nyumba gani isiyo na mtu kama huyo? Lakini msimulizi anaripoti hivi: "Alituambia mjomba anaficha kitu." Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, katikati ya sentensi mbili, na wala msimulizi hajui kama amedanganya. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya kitabu ninayoweza kuisoma bila aibu, na hakuna aliyeniandikia kuihusu. Hata mmoja!

Na ramli isimtaje muuaji. Msomaji wa Kiswahili amezoea akili itawale tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: mzimu unaogopwa na wote, lakini Bwana Msa anamtafuta mtu. Mpiga ramli aibue hofu, na hofu iwafanye ndugu wafanye mambo. Yatosha.

Kuhusu siri ya familia sina mengi, ila hili. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kitabuni kata ziwe nyingi: shangazi ana kipande, mjomba ana kipande, mtoto amesikia kipande mlangoni na kukielewa vibaya. Siri inayojulikana na mtu mmoja haina kazi mpaka afungue mdomo, na akifungua kitabu kimeisha. Tena msiazime siri ya nyumbani kwenu. Mama mdogo wangu alisoma sura ya nne, akajiona humo. Hakuwa yeye. Kusema kweli, kidogo alikuwa yeye, ile tabia ya kukunja kitambaa cha meza mara nne anapoulizwa jambo. Hajanipigia simu tangu kitabu kitoke. Nilimtumia ujumbe kumweleza kwamba ni hadithi tu, akausoma, akanyamaza. Mnaweza kusema kitambaa ni kitu kidogo. Nami nilisema hivyo.

Narudia, daftari la ukweli. Najua mtalipuuza kama nilivyolipuuza mimi, maana kuandika uongo kunanoga na kuandika saa za watu kuingia na kutoka kunachosha. Andikeni hivyo hivyo. Na mkikosea, semeni mmekosea siku hiyohiyo. Njia ya mwongo ni fupi, nasi waandishi tunajidanganya kwamba yetu ina kona nyingi.

Kwa chapa ya pili nimepata dawa. Ramli ilipigwa, mjomba aliiona, na hakimu alikuwa na nukta sita. Msimulizi aliinakili baadaye kwa kumbukumbu na akaongeza nukta moja kwa makusudi, kwa sababu umbo lililotoka kwa mkono wa mpiga ramli lilimwelekea yeye. Barua ya mjomba itataja sita. Atakayehesabu atamkamata, na safari hii ni kweli nimetega. Nililiandika daftarini kwanza, wino wa bluu, ukurasa mzima, kabla ya kugusa sura yenyewe.

Yule mama wa makamo nimemtumia mswada mpya, na ameurudisha na vipande vya karatasi vitatu tu. Kisha nikamwandikia yule msomaji wa kwanza. Nilimwambia kila kitu: kwamba nilikosea kuhesabu, kwamba nilimdanganya, kwamba nimezunguka na sifa yake mifukoni miezi miwili. Alichukua siku nne kunijibu.

"Nilijua, dada. Ulijibu haraka mno."