Wadogo zangu wakalimani, ndege haikutekwa

Juzi kikaoni mgeni alisema lori "veered off the road" karibu na Sake. Mdogo wetu mmoja, mwenye suti nzuri na diplomu mpya, akatafsiri bila kupepesa macho: "Lori lilifukuzwa barabarani." Madereva wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama lori limelipwa mshahara wake wa mwisho.

Najua alikopitia. Alisikia veer, kichwa kikakimbilia virer ya Kifaransa, na hapa Goma virer ni bosi kukunyang'anya beji mlangoni. Kumbe hayo maneno ni ndugu kweli, Waingereza walilichukua lao kwa Wafaransa, ila kila mmoja alishahama kwake zamani. Sikucheka. Mimi nilishafanya baya kuliko hilo, nitalisema hapo chini.

1. Kwanza uliza: nani ameshika usukani? Swerve ni kukwepa ghafla. Tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inateremka kutoka Kibati na magunia ya makala (mkaa), breki yake ni kiatu cha kijana, na motari, dereva wa pikipiki, anaikwepa: hapo ni swerve. Veer ni kuacha njia tu. Labda dereva kasinzia, labda gurudumu limepasuka, neno lenyewe halisemi. Ukiandika "alikwepa" katika ripoti ya ajali, umeshamtetea dereva kwamba aliona kitu mbele. Mwenye bima atataka kujua ni kitu gani, na utaitwa wewe.

2. Divert. Hapa kuna mkono wa mtu: kitu hakigeuki, kinageuzwa.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini, katika shirika ambalo silitaji. Ndege yetu ndogo ilikuwa inatoka Bunia, na mvua ikafunga anga ya Goma. Bosi mzungu, simu sikioni, akanipigia kelele niwaambie watu waliokuwa wakingoja uwanjani: "Flight diverted to Kavumu", yaani uwanja wa Bukavu. Basi. Maneno manne. Mimi wakati ule sikujua kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili bila kupita Kifaransa, kama mtu anayekwenda Himbi, hapa hapa mjini, kupitia Rutshuru kule mbali. Divert ikawa détourner. Na avion détourné, wadogo zangu, ni ndege iliyotekwa na watu wenye silaha. Ya mvua wanasema dérouté. Nikapanda juu ya jiwe, nikakohoa, nikatangaza: "Ndege imetekwa, inapelekwa Kavumu."

Mama mmoja, mke wa fundi wetu, alikaa chini kwenye changarawe za lava na kitenge chake kipya. Hakulia. Alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni, kama mtu aliyefika matanga. Vile viatu ndivyo ninavyoviona mpaka leo. Wengine wakashika simu, na nusu saa haikuisha mtaa mzima wa Birere ulijua idadi ya watekaji na kabila lao. Papa mmoja akaanzisha maombi. Bosi akaniuliza kwa nini watu wanalia. Nikamjibu kwamba wanamshukuru Mungu.

Ndiyo, nilisema hivyo.

Baadaye fundi mwenyewe akapiga simu kutoka Kavumu, mdomo umejaa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anauliza nani kamwambia mkewe auze pikipiki ili wapate pesa ya kumkomboa. Hata hapo sikukiri. Nilisingizia mtandao, kwamba simu ya bosi ilikuwa inakatika. Mama yule alinitazama tu, akavaa viatu vyake kimoja kimoja. Nilikwenda kwao kuomba msamaha baada ya wiki mbili, na sukari kilo tano. Akapokea sukari. Madereva waliniita Mteka Ndege mpaka mkataba ulipoisha.

3. Misaada ikiwa diverted, hapo détournement inafaa, lakini msikimbilie "imeibwa" kabla uchunguzi haujasema hivyo. "Imepelekwa kusikokusudiwa" inatosha, na hulali polisi.

4. Turn ni soko la Virunga, kila kitu kimo: turn left ni kukata kushoto, turn down ni kukataa, turn in ni kwenda kulala au kusalimisha. Msitafsiri kabla hamjasikia neno linalofuata. Niliahidi kutoandika habari ya yule aliyemsalimisha mkurugenzi kitandani, basi siandiki.

5. Mkiwa na watu wa hali ya hewa, upepo uki-veer unazunguka kama mshale wa saa, tuseme kutoka mashariki kwenda kusini. Uki-back, kinyume chake. Hapo hakuna ajali wala lori.

Jumatatu saa mbili kuna kikao Katindo. Njooni na daftari, simu zifungwe. Wewe wa lori lililofukuzwa, utakaa kando yangu, na suti uiache nyumbani, vumbi ni jingi.