Maswali ya Wasomaji: Uji wa Tangawizi, Kiporo cha Wali na Homa za Msimu Ufilipino

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaosoma au kufanya kazi Ufilipino. Tumechagua zinazohusu chakula cha kila siku na maradhi yanayokuja hali ya hewa inapogeuka.

Wahariri, salaam. Kila mvua na jua vikianza kupokezana, mama mwenye nyumba ananionya nisipigwe na manyunyu, na nikirudi nimelowa ananihimiza nioge mara moja. Kuna ukweli wowote? – Mwanafunzi, Manila

Upo, ingawa si wote anaoufikiria. Wafilipino wana msemo wa majira haya, *pabago-bago ang panahon*, yaani hali ya hewa haitulii, na ndiyo sababu ya kwanza utakayoisikia mtu akipiga chafya. Manila huingia msimu wa mvua karibu na Juni, upepo wa habagat unapovuma kutoka kusini-magharibi. Kuanzia karibu Novemba huja amihan, wa kaskazini-mashariki, wenye ubaridi kidogo. Aliyezoea kusi na kaskazi ataelewa haraka.

Mafua huletwa na virusi, na manyunyu hayana virusi. Lakini mvua ikinyesha watu hufunga madirisha, hubanana ndani ya jipni, magari ya abiria ya huko, na madarasani, na mmoja akikohoa wote wanavuta hewa ileile. Kwa hiyo dirisha lililo wazi kidogo lina kazi kubwa kuliko mwavuli.

Kuoga hata hivyo usiache, hasa kama ulikanyaga maji ya mafuriko. Mikojo ya panya huingia humo na kuleta leptospirosisi, ile homa ya mgunda. Osha miguu kwa sabuni na funika michubuko. Kama ulipita majini ukiwa na kidonda, nenda kituo cha afya cha barangay, yaani cha mtaa, usisubiri kuumwa, kwani daktari anaweza kukupa dawa ya kinga. Dalili zake huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au mbili: homa, maumivu makali ya misuli ya mashavu ya miguu, macho mekundu. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukipungua, ni hospitali moja kwa moja.

Tunaishi na familia ya Kifilipino. Mtu akiugua wanampikia arroz caldo. Unapikwaje, na sisi Waislamu tunaweza kuula? – Dada wawili, Quezon City

Ni uji wa mchele na kuku wenye tangawizi nyingi, na kwa mgonjwa una kila anachohitaji: maji, chumvi, wanga laini na protini kidogo. Kwa watu wanne chukueni kikombe kimoja cha mchele, nusu kilo ya kuku mwenye mifupa, tangawizi ya urefu wa kidole iliyokatwa njiti nyembamba, kitunguu kimoja, punje sita za kitunguu saumu na vikombe vinane vya maji. Wengi huchanganya mchele wa kawaida na *malagkit*, mchele wa kunata, nusu kwa nusu, ili uji uwe mzito.

Anzeni na vitunguu saumu. Vikateni vidogo, viwekeni kwenye mafuta yakiwa bado baridi, kaangeni kwa moto mdogo na mvitoe vikiwa vya dhahabu hafifu, maana huendelea kuiva hata nje ya sufuria. Vikifika kahawia vitakuwa vichungu, na uchungu huo hauondoki. Katika mafuta hayohayo kaangeni kitunguu na tangawizi mpaka harufu ipande, tieni kuku ageuke rangi, kisha mchele kwa dakika mbili, halafu maji. Yakichemka punguzeni moto na mpike dakika 40 hivi, mkikoroga mpaka chini kila baada ya dakika chache. Uji huu hushika chini kimyakimya. Ukishaungua msikwangue: hamishieni wa juu kwenye sufuria nyingine.

Chumvi yake ni *patis*, mchuzi wa samaki waliochachushwa. Tieni kijiko kikubwa kimoja mwishoni na muonje. Kijiko hicho kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 2 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu apewe nusu yake. Juu ya bakuli huwekwa yai la kuchemsha, majani ya kitunguu, vile vitunguu saumu vya kukaanga na kalamansi, ndimu ndogo ya huko, inayokamuliwa mezani. Ukiikamulia jikoni na kuchemsha, harufu yake inapotea. Uji ukipoa hunywa maji na kuganda, kwa hiyo wakati wa kuupasha ongezeni nusu kikombe cha maji ya moto.

Kuhusu halali: viungo vyenyewe havina nguruwe, kwa hiyo angalieni kuku amechinjwa na nani na mchuzi umetoka wapi. Mkila nje ulizeni, *May baboy ba ito?*, yaani kuna nguruwe humu? Uji unaofanana nao uitwao goto huwa na matumbo, na si kila mpishi hutumia ya ng'ombe.

Anayechoka na uji apikiwe tinola, mchuzi wa kuku wenye tangawizi, papai bichi na majani ya *malunggay*, ambayo ni mlonge. Majani hayo yatiwe baada ya moto kuzimwa.

Asubuhi tunakula wali wa jana uliokaangwa kwa vitunguu saumu. Wiki iliyopita tulitapika wote. Mayai yalikuwa mabovu? – Msomaji, Cebu

Tunaushuku zaidi wali kuliko mayai. *Sinangag*, wali huo wa kukaanga, hupikwa kwa kiporo kwa sababu nzuri: wali wa jana umekauka, punje zinaachana, ilhali wali wa moto hufanya bonge. Tatizo ni usiku ule ulipolala. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukibaki mezani katika joto la Cebu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ambayo kikaango hakiiharibu. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na ndiyo maana watu hulaumu kilicholiwa mwisho.

Ukishakula, wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, na uliwe kesho yake. Kuuacha kwenye sufuria yenye kifuniko ndiko kubaya kabisa, kwa kuwa katikati hukaa vuguvugu usiku kucha. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kama hutokea wakati wa kimbunga, mwage. Tunajua kumwaga wali kunauma.

Anayetapika au kuhara anywe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ambayo madukani huko huitwa oresol, kidogokidogo kwa kijiko. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo pima, usikadirie.

Bibi hapa hanawi mikono baada ya kupiga pasi, anasema atapata pasma. Nimwambieje? – Mfanyakazi wa ndani, Davao

*Pasma* ni imani kwamba joto na baridi vikikutana mwilini, mikono hutetemeka na kutoa jasho. Udaktari wa hospitali hauutambui ugonjwa huo. Usibishane naye, mpe maji ya vuguvugu na sabuni kabla hajagusa chakula. Lakini mikono ikitetemeka kila siku apimwe sukari na tezi ya shingo. Pia huko husema mtu *nalipasan ng gutom*, njaa imempita, na hapo wana hoja: mwenye kisukari anayetumia dawa hapaswi kuruka mlo. Merienda, kile kitafunio cha saa nne asubuhi na saa kumi jioni, inamfaa.

Mume wangu ana homa siku ya tatu, mwili unauma, anakunywa salabat tu. Tusubiri? – Mama, Manila

Msisubiri, apimwe damu leo. Salabat, yaani chai ya tangawizi, hutuliza koo na kichefuchefu, haitibu dengi, homa ya mbu tunayoishuku hapa. Mpaka majibu yatoke apewe parasetamoli pekee kwa kipimo kilichoandikwa, bila aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa hizo huongeza kutoka damu. Watu watawaletea maji ya *tawa-tawa*, mmea wa dawa za kienyeji, lakini yasichukue nafasi ya vipimo.

Homa ikishuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, ndipo mumwangalie zaidi, kwani kipindi hicho mishipa inaweza kuvujisha maji na shinikizo kuanguka. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, ulegevu, mikono ya baridi: ukiona hata moja, mpeleke hospitali saa ileile, hata usiku.