Mzembe si lazima awe mvivu: yaliyonikuta Ngamiani

Ndugu mleta mada, umeandika kwamba umepewa barua ya onyo kwa "uzembe", kisa uliacha dirisha la ghala wazi, mvua ikanyesha usiku na mifuko ya saruji ikaganda. Unasema hujawahi kuchelewa kazini hata siku moja, kwa hiyo neno hilo ni tusi. Nakuelewa kabisa. Mimi liliniuma hivyohivyo.

Nilikuwa nachimba mashimo ya vyoo hapa Tanga mjini. Siku moja tulikuwa na kazi Ngamiani, kando ya uchochoro. Tulianza alfajiri, tukaenda futi 9, jua likazama hatujamaliza. Nikafunika shimo kwa mabati mawili, nikayakandamiza kwa tofali nne, nikaenda kuoga.

Baada ya isha kijana anayeuza madafu akakatiza pale na baiskeli. Bati likapinduka. Nilipofika nikakuta dafu moja limepasukia ukingoni, maji yanachuruzika juu ya bati, na chini kule sauti ya mtu anamwita mama yake. Mguu ulivunjika chini ya goti.

Watu wote walinitetea. Mama mwenye nyumba akasema, "Ajali haina kinga, baba." Na mimi kila aliyeniuliza nilimjibu nilipitiwa tu, siku nzima nimeshinda juani.

Siku ya tatu akaja mjomba wake yule kijana, mzee aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Hakuja kwa shari. Alikunywa kahawa, akaniuliza: "Mwanangu, sisemi wewe mvivu, nasema ulikuwa mzembe. Ulijua watu wanapita pale usiku?" Nikasema najua. "Na kamba ya kuzungushia ilikuwepo?"

Kamba ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya toroli, hatua 10 kutoka shimoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee na mtaa wanatumia neno moja kwa maana mbili. Mtaani mzembe ni tabia ya mtu: halali njaa lakini kazi hataki, mambo yake yote shaghalabaghala. Sheria haiulizi tabia yako. Inaliangalia tendo lile moja, siku ile, mahali pale. Tafsiri inayorejewa sana ilitolewa na jaji wa Uingereza mwaka 1856, kwenye kesi ya kampuni ya maji ya Birmingham: uzembe ni kuacha kufanya jambo ambalo mtu mwenye busara angelifanya, au kufanya ambalo mtu huyo asingelifanya. Sisi mfumo huu tuliurithi kutoka kwao, ndiyo maana mawakili wetu bado wanazitaja kesi zao.

Iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 1932. Mwanamke mmoja wa Scotland alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, chupa ya rangi nzito isiyoonyesha ndani. Alidai kulikuwa na mabaki ya konokono, akaugua. Hakuwa na mkataba wowote na mtengenezaji. Jaji mmoja, Lord Atkin, akasema una wajibu wa kuwa mwangalifu kwa jirani yako, na jirani ni yeyote aliye karibu na tendo lako kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria unapolitenda. Yule muuza madafu sikuwa namjua hata jina. Alikuwa jirani yangu.

Kwa hiyo anayekudai lazima aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu huo kwake, hukuutimiza, na madhara yametokana na hapo. Bila madhara hana kesi, hata kama umeacha mashimo 20 wazi. Naye akichangia kosa, fidia hupungua. Baiskeli ile haikuwa na taa, na mzee mwenyewe alilikubali hilo. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3. Mtu akifa, mambo yanaweza kugeuka jinai: kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu uzembe wa kulaumika katika kuua bila kukusudia. Nikilikumbuka shimo lile na kina chake, bado mwili unanisisimka.

Tulimalizana nyumbani. Nililipa matibabu na siku alizokosa biashara, kwa awamu, miezi 7.

Sasa wewe. Kwenye ajira usikubali kuchanganyiwa mambo. Mwongozo wa utendaji bora wa mwaka 2007, yaani kanuni zetu za ajira na mahusiano kazini, unataja uzembe uliokithiri miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu hata mara ya kwanza. Dirisha moja lililosahaulika sidhani kama linafika huko, na nadhani ndiyo maana umepewa onyo tu. Kwenye majibu yako usijitetee kwa bidii yako, haijaulizwa. Waeleze kazi ya kufunga madirisha ilikuwa ya nani kwa maandishi, mvua ilianza saa ngapi, wingu lilikuwepo ulipotoka, na saruji ilipangwa juu ya mbao au chini ukutani. Kama aliyeipanga ukutani ni mtu mwingine, na yeye ana fungu lake.

Tuambie hayo hapa, na la funguo za ghala pia: jioni ile alibaki nazo nani?